Ng'ombe wa Maziwa Aliyekwenda Umri: Namna ya Kumshikisha Mimba Pwani ya Tanga

Ng'ombe amezaa mara sita, maziwa bado anatoa, lakini amepandishwa mara tatu na kila baada ya wiki tatu anaanza tena kulia bandani. Hapo ndipo mfugaji wa Pongwe, Muheza au Pangani huanza kuulizia sindano ya homoni. Sindano zipo na zinafanya kazi, ila hazimnenepeshi ng'ombe aliyekonda, wala hazirekebishi saa mbaya aliyopandishwa. Ndiyo maana humu sindano imewekwa mbali. Kabla yake kuna meno, daftari, majani na saa.

Umri unaharibu nini hasa

Mtamba huzaliwa na akiba ya mayai machanga inayozidi laki moja, na baada ya hapo haongezi hata moja. Akiba hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, lakini ng'ombe wa miaka 10 bado anayo maelfu, na yeye huhitaji moja tu kila siku 21. Kusema "mayai yameisha" kwa ng'ombe wa umri huo ni kukosea. Ng'ombe hana ukomo wa uzazi kama mwanamke. Uwezo wake hushuka polepole. Mayai ya mzee yana udhaifu, kwa hiyo mara nyingine yai linarutubishwa vizuri lakini kiinitete kinakufa siku chache baadaye, na mfugaji anaona tu kwamba ng'ombe "amerudi".

Kubwa zaidi ni yale yaliyoachwa na uzazi uliopita. Kila ndama aliyevutwa kwa nguvu, kila zalio (kondo la nyuma) lililobaki, kila usaha uliopona nusunusu, huacha alama ndani ya kizazi. Pia, kuanzia uzazi wa tatu ng'ombe hupoteza wepesi wa kutoa kalsiamu kwenye mifupa pale maziwa yanapoanza kwa kasi. Misuli ya kizazi huhitaji kalsiamu ili ijikaze. Ikikosekana, zalio halitoki, uchafu haumwagiki, bakteria wanakaa, na miezi miwili baadaye watu wanalaumu mbegu. Kwato nazo huuma, na meno yakiisha hula kidogo. Mengi ya haya yanarekebishika, ndiyo maana kuuza mapema ni hasara na kungoja bila kuchunguza ni hasara vilevile.

Jua umri wake kwanza

Ukimnunua ng'ombe mnadani usiutegemee umri wa mdomo wa muuzaji. Fungua kinywa utazame meno ya mbele ya chini, juu hana. Yako manane. Mawili makubwa ya katikati huota akiwa na miaka 2 hivi, manne yanatimia kwenye miaka 2 na nusu, sita kwenye 3, na yote manane kati ya 3 na nusu na 4. Chotara mwenye damu nyingi ya zebu huchelewa kidogo. Baada ya hapo unasoma kulika: katika miaka 6 au 7 meno ya katikati yamelika na kuwa bapa, kwenye 10 yote yamelika na yamefupika, kuanzia 12 kuna mianya na visiki. Pembe husaidia kama hazikukatwa, kwa sababu kila uzazi huacha pete moja karibu na shina. Hesabu pete, ongeza miaka 2, utakuwa karibu na ukweli. Wachuuzi hujua kupiga tupa pembe, kwa hiyo meno yana neno la mwisho.

Daftari

Andika tarehe ya kuzaa, kila joto (siku za kutaka kupandwa) uliloliona hata kama hukumpandisha, kila kupandisha pamoja na namba ya dume iliyo kwenye mrija wa mbegu, na kila dawa. Kisha soma nafasi kati ya joto moja na jingine, maana ndizo zinazokueleza tatizo liko wapi.

Akirudi baada ya siku 18 hadi 24, mzunguko wake ni mzima. Ama alipandishwa saa mbaya, ama yai halikurutubishwa, ama kiinitete kilikufa mapema sana. Akirudi baada ya siku 36 hadi 48, uwezekano mkubwa joto moja lilipita bila wewe kuliona. Siku 25 hadi 35, au nafasi zisizo na mpango, zinaonyesha mimba ilishika kisha ikapotea. Hapo fikiria maambukizi, hari ya jua na umri. Akionyesha dalili kila baada ya siku 5 au 10, au kwa wiki nzima mfululizo, shuku uvimbe wa maji kwenye ovari, kiungo cha mayai.

Damu kidogo kwenye mkia siku moja hadi tatu baada ya joto huwachanganya wengi. Haina maana kwamba ameshika wala kwamba ameharibu. Inakuambia tu joto limekwisha kupita. Kama hukuliona, usimwite mhimilishaji (anayepandisha kwa mrija) siku hiyo. Hesabu siku 18 au 19 mbele, kisha kesha naye.

Tumbo kabla ya kizazi

Mwili wa ng'ombe hupanga matumizi: kwanza kuishi, kisha maziwa ya ndama, uzazi mwisho. Akipungukiwa chakula, ubongo hupunguza kutoa homoni inayoamsha ovari, na ovari hulala. Huyu ndiye ng'ombe asiyeonyesha joto kabisa miezi minne baada ya kuzaa. Mpe alama ya unene kutoka 1, mifupa mitupu, hadi 5, kibonge. Azae akiwa kwenye 3 hadi 3 na nusu, na asishuke chini ya 2 na nusu. Kwa jicho: mbavu fupi za kiunoni zikionekana kama vidole vilivyotanuka, na shimo kila upande wa shina la mkia likitosha ngumi, hajafika. Mlishe wiki sita hadi nane ndipo uzungumzie homoni.

Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji karibu kilo 60 za matete mabichi au majani ya guatemala kwa siku, zaidi ikiwa majani yana maji mengi. Kwa mzee wa meno, yakatekate vipande vya sentimita 2 hadi 5, maana hawezi kuyasaga na utayakuta marefu kwenye kinyesi. Ongeza kilo 1 ya pumba na mashudu kwa kila lita 2 au 3 za maziwa. Mashudu ya nazi yanafaa yakiwa hayajaoza, ila ukungu huingia haraka kwenye unyevu wa pwani. Madini, gramu 100 kwa siku, yapimwe na kuchanganywa kwenye pumba. Chumvi ya mezani peke yake haina fosforasi, shaba wala seleniamu, na hizo ndizo zinazokosekana mara nyingi. Maji lita 60 hadi 100, yawepo na usiku pia.

Kuliona joto (la kupandwa, si la jua)

Farasi jike hungoja msimu wa siku ndefu. Ng'ombe huzunguka mwaka mzima, hivyo nafasi ziko nyingi. Shida ni kwamba ni fupi. Vitabu husema saa 12 hadi 18. Kwa chotara aliye kwenye hari ya pwani tegemea saa 8 hadi 12, na mara nyingi huanza usiku. Tazama mara tatu: saa 11 alfajiri, saa 12 jioni na saa 3 usiku, dakika 20 au 30 kila safari, bila kumkamua wala kumlisha wakati huo. Kupita ukielekea msikitini au sokoni hakuhesabiki.

Dalili ya uhakika ni kusimama akipandwa na mwenzake bila kukimbia. Lakini mwenye ng'ombe mmoja ataionaje? Yeye ategemee mkusanyiko wa dalili: kulia bila sababu, kutotulia, kukojoa mara kwa mara, uke kuvimba na kuwa mwekundu, ute angavu unaovutika kama wa yai bichi, maziwa kushuka lita moja au mbili ghafla. Ng'ombe mzee mwenye kwato zinazouma haoneshi mengi akiwa juu ya saruji. Mtoe jioni kwenye udongo kwa nusu saa pamoja na wa jirani. Wengi wanaoitwa "wasio na joto" huonekana hapo. Kata kwato kila baada ya miezi sita.

Saa ya kupandisha

Yai hutoka saa 10 hadi 12 baada ya joto kuisha, na mbegu zinahitaji saa kadhaa ndani ya kizazi kabla ya kuwa tayari. Ukiliona joto alfajiri, apandishwe jioni ile ile. Ukiliona jioni, apandishwe asubuhi ya kesho. Kwa kuwa joto la hapa ni fupi, usingoje siku nzima ipite ati upate uhakika.

Mhimilishaji akifika, mambo machache unaweza kuyatazama mwenyewe bila kumkera. Mrija ukitoka kwenye mtungi wa naitrojeni, ambao ubaridi wake ni nyuzi 196 chini ya sifuri, uingie moja kwa moja kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 45. Maji ya bomba au mate ya mdomoni hayatoshi. Ukaushwe, maana tone la maji huua mbegu. Tangu uyeyuke hadi mbegu ziwe ndani isizidi dakika 10 hadi 15, na jua lisiugonge. Mbegu ziachwe mara tu baada ya shingo ya kizazi, pole pole. Ng'ombe mkubwa aliyezaa sana ana kizazi kilichoning'inia ndani ya tumbo, na mkono mchanga hukipita. Kwa mzee ita mwenye uzoefu. Ng'ombe asiwe amekimbizwa, na akimaliza abaki kivulini.

Dume la kijiji lina hatari yake. Linalozunguka nyumba kumi hubeba vijidudu vya zinaa vinavyoua kiinitete, nalo lenyewe halioneshi ugonjwa. Kama ng'ombe kadhaa wa dume moja wanarudi bila mpango, liache, wapumzishe miezi mitatu, kisha tumia mrija tu. Mbegu zinazotoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, Arusha, huwafikia wahimilishaji kwa mitungi. Muulize yako ilijazwa naitrojeni lini.

Kaskazi

Desemba hadi Machi, hari na unyevu wa Tanga hufanya kazi mbili mbaya. Hufupisha joto la kupandwa, na huunguza mayai yanayokua na viinitete vya wiki ya kwanza. Yai huchukua wiki nyingi kukomaa, kwa hiyo madhara hubaki mwezi mmoja hadi miwili baada ya hari kupungua. Ndiyo sababu Aprili nayo huwa mbaya ingawa mvua imeshaanza. Paa la makuti ni bora kuliko bati, na mita 3 za urefu upande wa chini huruhusu upepo. Mmwagie maji mgongoni saa 6 na saa 9 mchana, ila pawe na upepo, vinginevyo unamchemsha. Mlishe zaidi usiku.

Hesabu ya mimba ni siku 280. Anayeshika kati ya katikati ya Juni na Septemba, kusi ikivuma na hewa ikiwa baridi, atazaa kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Julai, masika yakiwa yamejaza majani. Kwa ng'ombe mzee msimu huo ndio wa kuutumia vilivyo. Haina maana usimame miezi mingine. Ila ukikosa mara mbili Februari, usimhukumu bado.

Mkono ndani kabla ya sindano

Amepandishwa mara tatu kwa saa sahihi, ana mwili, na bado anarudi? Sasa mwite daktari wa mifugo apapase kizazi na ovari. Apime kwanza kama ana mimba, kwa kuwa wapo wanaoonyesha joto wakiwa na mimba changa, na sindano moja itaitoa. Achukue damu kupima brusela endapo mimba ilitoka ikiwa na miezi 5 hadi 7. Ugonjwa huo humpata na mtu: mimba iliyotoka na zalio lake visiguswe kwa mikono mitupu, vizikwe kina kirefu, na maziwa yachemshwe. Kwa wafugaji wa karibu na vichaka vya Pangani na Saadani, apime na ndorobo, ugonjwa wa mbung'o. Ng'ombe mwenye damu chache haoni joto wala hashiki mimba.

Ili uelewe dawa, shika mzunguko kidogo. Kifuko cha yai kikikomaa hutoa estrojeni, na hiyo ndiyo inayomfanya alie na kusimama. Yai likitoka, mahali pake huota kinundu cha njano kinachotoa projesteroni, homoni ya kulinda mimba na kuzuia joto. Mimba isipokuwepo, kufikia siku ya 16 hadi 18 kizazi hutoa prostaglandini, kinundu kinakufa, na joto jipya linaanza.

Prostaglandini ya sindano inaua kinundu, basi. Inafaa kikiwa cha siku 5 hadi 17. Kabla ya hapo hakisikii, na kwa ovari iliyolala hakuna cha kuua, ni hela iliyomwagwa. Dozi ya kloprostenoli ni mikrogramu 500, kwa kawaida mililita 2 kwenye msuli, na joto huonekana siku 2 hadi 5 baadaye. Ndiyo dawa nzuri kwa mzee mwenye usaha ndani na kinundu kisichokufa, kwani hufungua shingo ya kizazi na usaha unatoka. Usimpandishe joto la kwanza baada ya hapo, ngoja la pili. Mjamzito na mwenye pumu wasiiguse kabisa, hata chupa. Hupenya ngozi. Anayeidunga avae glavu, na ikimwagikia aoshe mara moja kwa sabuni na maji.

GnRH, homoni ile ya ubongo inayoamsha ovari, kwa mfano gonadorelini mikrogramu 100, huiambia tezi iliyo chini ya ubongo itoe homoni ya kupasua kifuko. Hutumika kwa uvimbe wa maji, ule unaozidi sentimita 2 na nusu bila kinundu cha njano, na prostaglandini hufuata baada ya siku 7 hivi. Kwa anayerudi kila mara, wengine huidunga wakati wa kupandisha. Inasaidia pale tatizo ni yai kuchelewa kutoka, kwingine haifanyi lolote.

Kifaa cha projesteroni kinachowekwa ukeni hukaa siku 7 au 8, kisha kinatolewa pamoja na prostaglandini, na joto huja ndani ya siku 2 hadi 3. Kinaamsha ovari iliyolala kama mwili una nguvu. Kwa mwenye alama 2 kitaleta joto bila mimba.

Pale ambapo joto halionekani kabisa, kuna ratiba ya kupandisha kwa saa: siku ya 0 GnRH, siku ya 7 prostaglandini, baada ya saa 56 GnRH tena, na apandishwe saa 16 baadaye, ute uwepo usiwepo. Ratiba inadai mhimilishaji anayetunza saa. Akichelewa nusu siku, umelipia dawa tatu bure.

Wakati wa kuacha

Kizazi kilichogandamana na viungo vya jirani, ovari ngumu ndogo zisizo na kitu mara mbili ndani ya wiki mbili, au kupandishwa mara nne au tano kwa uangalifu huu bila kushika katika miezi ya kusi: hapo acha. Usimuuze siku hiyo. Mkamue mpaka maziwa yasilipe pumba, kisha auzwe akiwa na nyama, si baada ya kukonda. Kinyume chake, mtamba pacha wa dume usihangaike naye hata kwa dozi moja. Zaidi ya tisa kati ya kumi hao ni tasa tangu tumboni, kwa sababu homoni za ndugu yake zilipita kwenye damu waliyochangia.

Akishashika

Tazama siku ya 21 na ya 42. Asiporudi, apapaswe baada ya siku 60. Acha kumkamua siku 60 kabla ya kuzaa. Wiki tatu za mwisho mpunguzie lukina (majani ya mti wa malisho) na uondoe chokaa na unga wa mifupa kwenye pumba, ili mwili uanze kujitafutia kalsiamu mifupani. Baada ya kuzaa virudishe vyote. Akizaa kisha akalegea, masikio yakawa baridi na shingo ikapinda ubavuni, ana saa chache: daktari ampe kalsiamu borogluconeti mililita 400 mshipani, iliyopashwa vuguvugu, taratibu kwa dakika 10 hadi 15 huku akisikiliza moyo. Ikiingizwa haraka humuua papo hapo.

Zalio hutoka ndani ya saa 12. Likivuka saa 24, ita msaada; usilivute, wala usilifunge jiwe, kwa kuwa linachana ukuta wa kizazi na kuacha vipande vinavyooza. Kata kinachoburuzika chini, mpime homa kila asubuhi kwa siku 10, na ikipita nyuzi 39.5 au harufu ikibadilika, atibiwe siku hiyo hiyo. Siku ya 30 apapaswe tena hata kama anaonekana mzima, na asipandishwe kabla ya siku 60.